Mishipa ya ubongo isiyofuata kitabu: maswali tunayoulizwa Malindi

Ripoti ya picha ya kichwa huja kwa Kiingereza, na wengi huisoma wakiwa kwenye matatu ya kurudi kutoka Mombasa, kabla daktari aliyeiagiza hajaiona. Ndipo simu zinapoanza. Majibu haya ni ya watu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Gongoni waliokutana na neno la kutisha kwenye karatasi hiyo, pamoja na jamaa zao. Hayashiki nafasi ya daktari aliyekupima presha na kukuangalia machoni.

Ripoti yasema mshipa wangu mmoja wa ubongo ni mwembamba tangu kuzaliwa. Nina ugonjwa?

Mara nyingi, huna. Umepewa habari za jinsi ulivyoumbwa, kama vile mtu akuambie una kidole kirefu. Anayesoma picha analazimika kuandika kila anachokiona, na hana njia ya kujua kwamba utaisoma peke yako usiku. Swali la kumuuliza daktari wako ni hili: je, mshipa huu unahusiana na kilichonileta hospitali? Ukija kwa maumivu ya kichwa ya miaka mingi na presha yako ni 170 kwa 100, tuanze na presha.

Kwani ubongo hupata damu kwa njia gani?

Ateri nne, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, hupanda shingoni. Mbili za mbele, karotidi, ndizo unazozisikia zikidunda ukiweka vidole kando ya koo. Mbili za nyuma, vetebra, hupita kwenye matundu ya mifupa ya shingo, zikaingia kichwani chini ya fuvu, kisha zikaungana kuwa ateri moja iitwayo basila. Huko chini ya ubongo, njia za mbele na za nyuma, za kulia na za kushoto, huunganishwa na vijimshipa vyembamba vinavyofanya pete. Pete hiyo ni duara la Willis, kwa jina la Thomas Willis, tabibu Mwingereza aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Michoro ya kitabu kile ilikuwa na mkono wa Christopher Wren, yule aliyekuja kusanifu kanisa kuu la St Paul's jijini London.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Ndiyo maana pete ina maana: njia moja ikiziba taratibu, damu huzungukia upande wa pili.

Sasa, pete iliyotimia kila upande, kama inavyochorwa vitabuni, tafiti nyingi zimeikuta kwa chini ya nusu ya watu. Wengi wetu tunatembea na pete yenye kipande chembamba au kilichokosekana, na hatujui. Tofauti huonekana siku ya shida. Abiria wa Lamu, Mto Tana ukifurika na kuikata barabara, hukaa pale pale alipo mpaka maji yashuke. Mwenye pete pungufu ni yule abiria wa Lamu: safari zake zote ni za kawaida mpaka barabara yake moja ikatike.

Tofauti zipi ni za kawaida, na zipi ni nadra kweli?

Za kawaida kabisa ni mbili. Ya kwanza ni vetebra moja kuwa nyembamba kuliko ya pili. Kwa takriban nusu ya watu ya kushoto ndiyo kubwa. Ya pili ni ateri ya nyuma ya ubongo kubaki katika umbo la kijusi. Mtoto akiwa tumboni, sehemu ya nyuma ya ubongo hulishwa na karotidi, halafu kazi hiyo huhamia kwa basila. Kwa baadhi ya watu, kati ya asilimia 10 na 30 kutegemea utafiti, haihami, angalau kwa upande mmoja. Hawa ni watu wazima wazima, walimu, wavuvi, akina mama wa sokoni. Jambo moja tu linabadilika: donge la damu likitoka kwenye karotidi yao laweza kufika nyuma ya ubongo na kugusa uoni, mahali ambapo daktari angelitarajia litoke kwenye vetebra. Daktari asiyejua hivyo atatafuta chanzo mahali pasipo chanzo.

Karibu asilimia 5 ya watu vetebra yao ya kushoto huchipuka moja kwa moja kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, badala ya ateri ya bega. Hili ni la mpasuaji wa shingo kulijua. Wewe halikudhuru.

Nadra ni nyingine. Kuna ateri za muda ambazo kijusi huzitumia kupeleka damu kutoka karotidi hadi nyuma, na zinapaswa kufungika mapema sana, kwenye wiki ya tano hivi ya ujauzito. Inayobaki wazi mara nyingi kuliko wenzake ni ateri ya trijemina, iliyopewa jina la neva inayopita nayo. Hupatikana kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia. Ya pili, ateri ya haipoglosali, ni nadra zaidi: chini ya mtu mmoja kati ya elfu. Na ya nadra kabisa katika orodha yote ni kukosa karotidi ya ndani, yaani tawi la karotidi linaloingia kichwani, hali ambayo nimeitolea swali lake hapa chini.

Nimeambiwa karotidi yangu ya ndani upande mmoja haipo kabisa. Nitaishije?

Kama ulivyoishi mpaka leo. Hali hii imekadiriwa kuwa chini ya mtu mmoja kati ya elfu kumi, na wengi huigundua ukubwani kwa picha iliyopigwa kwa sababu nyingine. Ilielezwa kwanza mwaka 1787 na Tode, kwenye maiti. Damu hupita upande wa pili, au kwenye vetebra, na mishipa hiyo hunenepa kwa kazi ya ziada.

Lakini hapa nakusihi usiishie kwenye ripoti ya kwanza. Mshipa kutoonekana si sawa na mshipa kutokuwepo. Karotidi iliyozibwa na mafuta na donge la damu nayo haionekani, na hiyo ni hali ya hatari inayotaka tiba. Dalili ya kutofautisha iko kwenye mfupa. Karotidi hupita kwenye mfereji wa mfupa chini ya fuvu, na mfereji huo haujengwi ila mshipa uwepo kwanza, maana mfupa huota kuuzunguka. Picha ya CT inayoonyesha mifupa ikikosa mfereji upande huo, basi ulizaliwa hivyo. Mfereji ukiwepo wa ukubwa wa kawaida, basi mshipa ulikuwepo na kuna kitu kimeuziba. Uliza kwa maneno haya haya: mfereji wa karotidi uko au hauko?

La pili la kufuatilia ni vivimbe kwenye kuta za ateri zilizobaki, kwa kuwa zinabeba damu ya watu wawili. Kwa wasio na karotidi moja vivimbe hivyo hupatikana kwa takriban robo hadi theluthi ya walioripotiwa, wakati kwa watu wa kawaida ni kama asilimia 3. Daktari atakwambia urudie picha baada ya muda gani.

Kivimbe cha ateri ndicho kile kinachopasuka?

Ndiyo, ila vingi havipasuki kamwe, hasa vidogo. Hutokea pale ukuta wa ateri unapodhoofika, mara nyingi kwenye njia panda ambapo damu hugonga kwa nguvu. Maumbile fulani huongeza mgongano huo: ateri mbili za mbele za ubongo kuwa shina moja, au ateri moja ya mbele kulisha pande zote mbili kwa sababu mwenzake ni mwembamba.

Kikipasuka, maumivu huja ghafla na kwa ukali ambao mtu hajawahi kuuonja. Wengi husema ilikuwa kama kupigwa rungu kisogoni. Hufuata kutapika, shingo kukakamaa, pengine kuzimia. Hiyo si kipandauso wala si uchovu wa jua. Usingoje asubuhi.

Vinavyokuza hatari ya kupasuka na vilivyo mkononi mwako kuvipunguza ni viwili: presha na sigara. Nataja sigara kwa sababu wagonjwa wengi huniuliza habari za pilipili.

Ni kosa la mama alipokuwa mjamzito? Au ni hasidi?

Mishipa hii hujengwa, hubomolewa na kujengwa tena kati ya wiki ya nne na ya nane hivi, wakati wanawake wengi hata hawajajua wana mimba. Hakuna chakula alichokula mama, mzigo aliobeba wala kitu alichokiona kilichofanya vetebra ya mwanawe iwe nyembamba. Zaidi ya hapo, nyingi hazirithiwi. Mama mkwe akianza kutafuta ukoo ulioleta jambo hili, mwonyesheni aya hii.

Mgonjwa amelala haamki, picha ya CT ni safi. Wazee wasema ni jini.

Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu lina maisha ndani yake. Katikati ya ubongo kuna viungo viwili, kulia na kushoto, viitwavyo thalamasi, na kazi yake mojawapo ni kumweka mtu macho. Kwa kawaida kila upande una vijiateri vyake. Kwa watu wachache vyote viwili hutoka kwenye shina moja la upande mmoja, shina ambalo hupewa jina la Percheron, daktari Mfaransa aliyelieleza miaka ya 1970. Shina hilo likiziba, pande zote mbili huathirika kwa mpigo. Mtu hapoozi mkono, mdomo haupindi. Anasinzia tu, au analala usingizi wa ajabu. Ukimwamsha husema maneno mawili akarudi kulala, na macho yake hushindwa kuangalia juu. Baadaye huweza kusahau mambo vibaya.

Tatizo ni kwamba picha ya CT ya saa za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Ndugu huambiwa kichwa hakina neno, wakamrudisha nyumbani. Kinachoonyesha ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, hasa ya aina inayonasa kiharusi kipya. Kwa hiyo mtu aliyelala ghafla bila sababu, sukari yake imepimwa ni sawa, hana malaria wala hakunywa dawa za usingizi, na CT ni safi, mwombeni daktari rufaa ya MRI siku hiyo hiyo. Sina neno na dua. Kisomo kisomwe garini mkielekea hospitali.

Kinyozi wangu hunikunja shingo mpaka ilie. Vetebra moja ni nyembamba. Niendelee?

Acha. Na hata kama mishipa yako yote ni minene, acha. Kukunja shingo kwa ghafla kumewahi kuchana utando wa ndani wa vetebra, damu ikaingia kwenye ukuta na donge likapanda hadi ubongoni. Si jambo la kila siku, lakini aliye na vetebra moja inayofanya kazi ya mbili ana la kupoteza zaidi. Mwambie akukande mabega. Kunyoa, ndevu na mafuta ya nazi havina ubaya wowote.

Kubeba ndoo kichwani ni habari nyingine, na sijaona sababu ya kumkataza mtu kwa ajili ya mshipa mwembamba peke yake. Ila ukisikia kizunguzungu kila unapogeuza shingo, kaseme.

Picha gani inaonyesha mishipa?

CT ya kawaida ya kichwa huonyesha damu iliyomwagika na mfupa, si mishipa. Ili mishipa ionekane hudungwa dawa ya rangi mkononi; kabla ya hapo figo zipimwe, na kama unameza metifomini ya sukari, sema. Mwenye mzio wa dawa hizo pia aseme mapema, si akiwa ameshalala kwenye meza.

MRI yaweza kuonyesha ateri bila dawa yoyote, kwa kunasa damu inayotembea. Hapo ndipo penye mtego: damu ikitembea polepole sana, mshipa hautoki kwenye picha, na ripoti husema haupo. Nimeona wengi wakilia kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Ripoti ikitofautiana na hali ya mgonjwa, picha ya pili ya aina nyingine si matumizi mabaya ya fedha.

Ultrasaundi ya shingo ni nafuu na huonyesha karotidi vizuri, vetebra kiasi. Duara la Willis haiwezi kulionyesha.

Kuhusu malipo: tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Kabla hujapanda gari, piga simu uulize mambo matatu: mashine inafanya kazi leo, kipimo chako kimeidhinishwa, na nani atakayeisoma. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na kurudi mikono mitupu kunauma kuliko sindano.

Mwanangu ana alama kubwa nyekundu usoni. Inahusiana?

Inaweza. Alama nyingi za kuzaliwa hazina lolote. Lakini uvimbe mwekundu au wa zambarau unaokua haraka katika miezi ya kwanza, ukifunika sehemu kubwa ya uso au kichwa, zaidi ya sentimita 5, huweza kufuatana na ateri za ubongo zilizoumbika vibaya, kasoro za aota, moyo au macho. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo angalia uvimbe na joto lake. Mtoto apelekwe kwa daktari wa watoto kabla ya kuanzishiwa propranoloni, dawa inayotumika kupunguza uvimbe huo, kwa sababu hushusha presha na yafaa mishipa ya ubongo iangaliwe kwanza. Usiuchanje na usiupake dawa ya mitishamba.

Na mtoto wa selimundu?

Hapa tunatoka kidogo kwenye mada, lakini kwa Kilifi nzima siwezi kulipita. Selimundu, au sikoseli kama tunavyoitamka, ni nyingi huku kwetu, na ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi cha watoto. Mtoto hazaliwi na mishipa iliyobana. Chembe za damu zenye umbo la mundu huiumiza miaka inavyopita, hasa karotidi ndani ya kichwa. Picha zikitoka mtu huweza kudhani ni maumbile. Siyo, na tofauti hii ina tiba ndani yake.

Watoto wenye selimundu wa miaka 2 hadi 16 wanafaa kupimwa mwendo wa damu kichwani kwa ultrasaundi. Ukifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ni kubwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu kwa ratiba kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa takriban asilimia 90. Mahali ambapo kuongeza damu kila mwezi ni kazi ngumu, dawa ya haidroksiurea nayo husaidia. Ulizeni kliniki ya selimundu, msingoje mkono ulegee.

Nile nini? Habasoda? Aspirini?

Hakuna kitu cha kunywa kinachopanua mshipa uliozaliwa mwembamba. Habasoda kwenye chai ni yako na tumbo lako. Aspirini ni tofauti: mwenye kivimbe au mshipa uliovuja anaweza kudhurika nayo. Usimeze kwa ushauri wa duka la dawa wala wa jirani aliyepona.

Punguza chumvi, na samaki wa ng'onda wamo. Dawa za presha zimeze hata siku unapojisikia mzima.

Naweza kufunga Ramadhani?

Wengi wenye tofauti hizi hufunga bila taabu. Aliyewahi kupata kiharusi, au ambaye njia yake kubwa ni moja, asianze kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu kukaukiwa na maji na presha kushuka humgusa yeye kwanza. Dawa nyingi za presha zina aina ya kumeza mara moja, zikahamishiwa futari au daku. Panga hayo Shaabani, si siku ya mwandamo. Maji yanywe usiku kucha kidogo kidogo. Ukilegea upande mmoja mchana wa Ramadhani, saumu imekwisha, nenda.

Dalili zipi zanitaka nikimbie?

Uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, uoni kupotea ghafla, kuyumba ghafla ukashindwa kusimama, au yale maumivu ya rungu. Angalia saa na uikumbuke, kwa sababu swali la kwanza hospitali litakuwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT kuthibitisha hakuna damu iliyomwagika. Ukitoa muda wa njiani na wa kungoja picha, kinachobaki ni kidogo. Usimpe mgonjwa kitu mdomoni, hata maji. Koo lake laweza kuwa limelegea. Dalili zikipita zenyewe baada ya dakika kumi, bado nenda.

Nafanyiwa upasuaji wa jambo jingine. Nimwambie mpasuaji?

Mwambie, na hapa ndipo ripoti ile inapolipa nauli yake. Upasuaji wa tezi ya pituitari hupitia puani; ateri ya trijemina iliyobaki wazi inaweza kuwa imelala pale pale anapokata. Anayefunga karotidi kwa muda ili asafishe mafuta anataka kujua kama pete itampa damu ya kutosha upande ule. Anayepitisha mpira mwembamba kutoka kinenani au kifundo cha mkono hadi kichwani anataka kujua aota yako ina matawi mangapi. Mpe diski yenye picha zenyewe. Ripoti peke yake haimtoshi. Weka nakala kwenye simu ya mtoto mkubwa, maana diski huchunika.

Ndugu zangu wapimwe?

Kwa vetebra nyembamba au mshipa wa umbo la kijusi, hapana, ni kupoteza fedha na usingizi. Wapimwe ikiwa wawili au zaidi wa damu moja, yaani wazazi, watoto au ndugu wa tumbo moja, wamewahi kuwa na kivimbe cha ateri ya ubongo, au ikiwa ukoo una ugonjwa wa figo zenye malengelenge mengi, ambao hufuatana na vivimbe hivyo. Waliobaki, mashine ya presha ya zahanati inawatosha.